Mbuzi Anatosha: Vidokezo kwa Mchongaji wa Shanzu Anayetaka Ngozi, Pembe na Manyoya

Ukishuka matatu Shanzu na kuteremka kuelekea mahoteli ya ufuoni, vibanda vinakupokea kwa simba na twiga wa mwarobaini, wamepangwa kimo kwa kimo na kung'arishwa kwa rangi ya viatu. Wanauzika, hilo halina ubishi. Lakini fundi aliyekwisha kuchonga twiga hata mkono ukamjua bila macho, siku moja ataanza kuwazia kazi nyingine: sanamu yenye ngozi ya kweli, pembe ya kweli, jicho la kioo linalomfuata mtazamaji.

Ng'ambo jambo hili si geni. Wasanii huchukua mnyama aliyekaushwa na kujazwa wakamfanya sehemu ya sanamu, na wengi wao hutangaza kwamba mnyama huyo hakuuawa kwa ajili yao: alikufa mwenyewe, au aligongwa na gari. Polly Morgan wa Uingereza amejijengea jina kwa njia hiyo. Kenya mambo ni mengine. Aliyegongwa barabarani si wako, aliyejifia porini si wako, na yule aliyetundikwa ukutani kwa marehemu babu huenda si wako vilevile. Wanaobaki ni wengi kuliko unavyodhani, na mmoja wao pengine analia mee nyuma ya nyumba yako sasa hivi.

1. Soma sheria kabla ya kunoa kisu

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Ndiyo maana huwezi kuingia dukani Mombasa ukaagiza swala wa kujazwa, ilhali Afrika Kusini au Namibia ungeweza. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imekaza kamba zaidi. Kifungu cha 95 kinamkamata anayekaa na nyara bila kibali, anayeiuza, na (hapa ndipo mchongaji anapoingia) anayetengeneza kitu chochote kutokana nayo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 1, au kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili.

Na nyara si pembe za ndovu peke yake. Mfupa, ukucha, jino, unyoya na kipande cha ngozi vimo pia, hata ukivipaka rangi na kuvichonga, maadamu bado vinatambulika. Shanzu ina mahakama yake na gereza la Shimo la Tewa liko jirani, kwa hiyo nauli haitakusumbua. Ukiwa na shaka, nenda ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, uulize, na jibu ulitake kwa maandishi. "Kuna afisa aliniambia hakuna neno" ni kisingizio kisichosimama mbele ya hakimu.

2. Anza na walio zizini

Ukitaka kujua ngozi ya ng'ombe inaweza kufika wapi, tazama kazi za Nandipha Mntambo. Alizaliwa Swaziland mwaka 1982, anafanya kazi Johannesburg, na ngozi mbichi huifinyanga juu ya umbo la mwili wake mwenyewe mpaka ikauke na kusimama peke yake. Mwili hautokei tena, ila ngozi inaukumbuka: mabega, kiuno, magoti. Kazi hizo zimeingia makumbusho makubwa ya dunia, na hakuhitaji chui hata mmoja.

Pwani hatuna uhaba. Bei ya ngozi mbichi nchini imeanguka mno miaka ya karibuni, na nyingine huishia jalalani. Nunua kwenye kichinjio chenye mkaguzi wa nyama au kwa mfanyabiashara wa ngozi mwenye leseni, na uombe risiti hata kama anakucheka. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba, hunyumbulika na hukubali kona. Ya ng'ombe ni nzito, hufaa umbo kubwa lenye mistari mirefu. Kondoo wetu wa mkia mnene ana mafuta mengi chini ya ngozi, muache mpaka mkono uzoee.

Manyoya ya ndege nayo yamejaa tele. Kila jioni kuku wananyonyolewa mitaani na manyoya yanatupwa. Ukipata jogoo wa kuchi, yule mrefu mwenye shingo kama mlinzi wa lango, umepata nusu ya sanamu kabla hujaanza. Tahadhari moja: kwamba ndege anafugwa hakumaanishi yuko huru na KWS. Wafugaji wa kware walilijua hilo miaka ile kware walipokuwa gumzo la nchi nzima na kila mtu akatakiwa awe na leseni. Kanga ni vilevile. Mamba na mbuni hufugwa kihalali kwa leseni, lakini ngozi yao isiyo na karatasi usiiguse.

3. Idi ya kuchinja ina adabu zake

Hakuna siku ngozi za mbuzi na kondoo zinapatikana kwa wingi Kisauni kama Idi Kubwa. Lakini usimwendee mzee wa watu na noti mkononi. Ngozi ya udhiya haiuzwi na aliyechinja, wala mchinjaji halipwi kwayo. Mwenyewe huitumia au huitoa sadaka. Njia ya heshima ni kumwendea mapema kabla ya siku yenyewe, umwamkie, umweleze unafanya nini, na umwombe. Au ngoja ngozi iende kwa fukara aliyepewa: hiyo sasa ni mali yake, mkipatana bei hakuna lawama. Ukiona mambo yanakuchanganya, muulize maalim wa mtaa wenu. Maswali ya ngozi yana majibu marefu kwenye vitabu vya fiqhi na atafurahi kuulizwa.

Nenda na chumvi yako na karai lako, na uwe umefika kabla ya jua la adhuhuri. Mchunaji wa siku ile ana haraka, watoto wanamzonga na nyama inasubiriwa jikoni. Mwombe kwa upole apunguze kisu na atumie ngumi kuitenga ngozi na nyama, maana kila tundu la kisu utakutana nalo tena ukishona.

4. Mnyama awe amekwisha kufa kwa sababu nyingine

Mwaka 1991 Mwingereza Damien Hirst aliagiza papa avuliwe Australia ili amtumbukize kwenye tangi la formalini. Papa akaanza kuharibika, maji yakaingia ukungu, na mwaka 2006 ikabidi aletwe papa mwingine. Wawili kwa kazi moja.

Mimi sina hamu ya kuiga hilo. Mnyama awe amechinjwa kwa kitoweo, au amekufa kwa uzee au ajali ya zizini, kabla wewe hujamtamani. Ukianza kumwambia mfugaji "nichinjie yule mwenye mabaka," umekwisha kuvuka mpaka, japo sheria haikugusi.

Na si kila mzoga ni bahati. Ng'ombe akifa ghafla huku damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, usimpasue na usimchune: huenda ni kimeta, ugonjwa unaoua na watu. Mwite daktari wa mifugo. Kuku wakifa kwa mkupuo, pengine ni kideri au mafua ya ndege. Choma au zika, usihesabu manyoya.

5. Bahari ikikutupia kitu, kiache

Eneo la hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, linaanzia Mtwapa na kushuka kusini. Gamba la kasa lililotupwa na mawimbi, mfupa wa nyangumi, kipande cha tumbawe, unyoya wa ndege wa pwani: vyote hivyo vipige picha, vichore, uviache vilipo, na mzoga uripotiwe KWS. Aina zote 5 za kasa wa bahari yetu zinalindwa, na ng'amba, ambaye gamba lake ndilo lililokuwa likitengenezwa vitana na vikuku, ndiye wa mwisho unayetaka kukutwa naye.

Samaki wa mezani ni habari nyingine. Kisumu mafundi wanatengeneza ngozi nzuri kutokana na ngozi ya mbuta inayobaki viwandani, yenye magamba yaliyopangana vizuri kuliko mchoro. Sioni kwa nini ngozi ya nguru au changu wa soko la Kongowea isijaribiwe.

6. Kunguru? Subiri kwanza

Najua unachofikiria. Kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na baadaye akaivamia Pwani yote, anakula vifaranga vyetu, anavamia meza za hoteli na anafukuza ndege wa asili. Mwezi wa Juni 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni 1 kabla ya mwaka kwisha, kwa sumu iitwayo Starlicide. Serikali yenyewe inamuua! Basi kuna ubaya gani kuokota wawili watatu?

Kwanza, huyo amekufa kwa sumu, na hata ungekuwa na glavu ningekushauri umwache. Pili, yeye kuwa adui wa taifa hakukupi wewe kibali. Lakini wazo lenyewe ni zuri, pengine zuri kuliko mengine yote katika orodha hii: sanamu kubwa ya Mombasa iliyovaa manyoya meusi ya mgeni aliyekataa kuondoka. Iandikie KWS barua. Eleza unahitaji manyoya mangapi, yatatoka wapi, na kazi itaonyeshwa wapi. Wakikataa, manyoya ya kuku mweusi yatabeba wazo hilo bila kulalamika.

7. Kichwa cha nyati cha zamani usikipasue

Nyumba kongwe na hoteli za zamani bado zina vichwa vya pofu na nyati ukutani, na wajukuu hutafuta wa kuwapa. Swali la kwanza ni cheti cha umiliki. Bila hicho, hata zawadi ni kesi. Swali la pili halimo kwenye sheria: mafundi wa zamani walipaka ngozi sabuni ya aseniki ili isiliwe na wadudu, na sumu hiyo haichakai. Ukikata kwa msumeno unavuta vumbi lake. Kichwa cha aina hiyo kipeleke makumbusho, au kiache kimtazame mwenye nyumba.

8. Umbo kwanza, ngozi baadaye

Wanagenzi wengi huanza na ngozi, kisha wanatafuta cha kuijaza. Hapo ndipo anapozaliwa yule mbuzi mwenye tumbo la gunia. Carl Akeley, Mmarekani aliyewinda na kukusanya wanyama Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, alibadilisha ufundi huu kwa sababu kila kazi aliianza kama mchongaji: alimfinyanga mnyama mzima kwa udongo, misuli na mishipa, akatoa kalibu, akatengeneza umbo jepesi, ndipo akalivisha ngozi. Ndovu wake wawili wanaopigana bado wamesimama Field Museum, Chicago.

Jengo hilohilo lina somo la upande wa pili. Simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 walipigwa risasi na J. H. Patterson, ngozi zao zikawa mazulia nyumbani kwake kwa takriban miaka 25, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa makumbusho hayo kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimepunguzwa na kuchakaa, kwa hiyo wale miamba waliosimamisha reli leo wanaonekana wadogo kuliko walivyokuwa hai. Ngozi iliyokwisha kukatwa hairudi.

Wewe mchongaji una bahati, kazi ya umbo unaijua. Kiunzi kiwe cha waya na mbao, nyama iwe ya makumbi ya nazi yaliyofungwa kwa kamba, na juu yake karatasi za magazeti kwa uji wa ngano. Sufi hufaa sehemu laini kama mashavu. Kama una hela, mafundi wa mashua za faiba watakutolea umbo jepesi lisiloogopa mchwa.

Kisha nenda kakae na mtu anayewamba ngoma. Huyu anajua mambo ambayo hakuna kitabu kitakueleza: ngozi iloweke muda gani, ivutwe kutoka upande upi, misumari ikae wapi. Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini kumbuka ngozi nayo ikikauka huvuta upande wake, kwa hiyo acha nafasi kwenye mishono na uirudie kila asubuhi mpaka itulie.

9. Chumvi nyingi, kivuli, na upepo wa kaskazi

Ngozi mbichi katika joto la Shanzu hukupa saa chache tu. Kwangua nyama na mafuta yote, kisha mwagia chumvi isiyopungua nusu ya uzito wake, ile ya chenga kubwa inayotoka mashamba ya chumvi ya Gongoni. Sugua hadi ukingoni, kunja upande wa nyama ndani, iinamishe maji yachuruzike. Kesho yake kung'uta chumvi iliyolowa, weka nyingine. Baada ya hapo ndipo unaweza kuilowesha kwenye maji ya shabu na chumvi kama unataka manyoya yabaki.

Anika kivulini. Jua kali huifanya ngozi igande nje huku ndani ikioza, na utalijua hilo siku nywele zitakapotoka kwa konzi. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ndiyo ya kazi hii. Masika yakianza fanya viunzi, chora, lipa madeni. Kazi iliyokamilika ikiwa ndogo, ifunge kwenye plastiki uiweke kwenye friza ya baridi kali wiki mbili, mayai ya nondo na wadudu wa ngozi yafe. Friza isiwe ya mama watoto, tafadhali.

10. Pembe na mifupa

Pembe ya ng'ombe ina mfupa ndani. Chemsha au fukia mpaka gamba lilegee, kisha livute. Ikipashwa moto pembe hulainika na kunyooshwa. Mifupa ioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu kwa siku nyingi, halafu haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa iifanye nyeupe. Dawa ya kung'arishia nguo hula mfupa polepole hadi ukawa unga, iweke mbali. Vaa barakoa unapopiga msasa.

11. Waambie majirani

Pembe juu ya paa, manyoya meusi kwenye ndoo, ngozi imetundikwa kambani, na wewe unafanya kazi usiku kwa sababu ya joto. Fikiria aliye upande wa pili wa ua anaona nini. Pwani hii watu wameumizwa, na wazee wameuawa, kwa kushukiwa uchawi tu. Mweleze mzee wa mtaa, acha mlango wa karakana wazi, waite watoto waje waone. Harufu nayo ina mipaka yake: maji ya chumvi na damu yamwage shimoni, kamwe si kwenye mtaro wa watu wote.

12. Fikiria na kumwacha mnyama nje

Pembe mashuhuri kuliko zote Mombasa, zile zinazokatiza Moi Avenue, zimetengenezwa kwa aluminiamu. Hakuna ndovu aliyezikosa. Ahmed wa Marsabit, ndovu ambaye Mzee Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970, alikufa mwaka 1974. Mifupa yake imo Makumbusho ya Taifa Nairobi, lakini anayepigwa picha na watoto wa shule uani ni sanamu ya faiba ya ukubwa wake kamili. Na Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakalivisha ndara za rangi zote na kulizindua mwaka 2018.

Kwa hiyo kama wazo lako linahitaji chui, kwa maoni yangu usimtafute chui. Chonga chui kwa mwarobaini umvishe ngozi ya mbuzi, na uache mshono uonekane. Mtazamaji ataona mara moja kwamba chui hayupo, na huko kutokuwepo kwake kunasema mengi kuliko ngozi iliyoibwa Tsavo.

13. Jua nani ataiweka sebuleni

Waislamu wa Pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafi. Ngozi ya mnyama aliyechinjwa kisheria ni twahara pamoja na nywele zake. Ya nyamafu hutwaharika kwa kutengenezwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe, lakini nywele zake kwa kauli yenye nguvu hubaki najisi. Mteja anayeswali nyumbani ana haki ya kujua kipi ni kipi. Wengine hawataki sanamu kamili ya kiumbe kabisa, na hilo usilichukulie kama mlango uliofungwa: ngozi iliyonyooshwa kama tanga, pembe zilizopangwa kwa nakshi ya mlango wa Lamu, umbo lisilo na kichwa. Hiyo ndiyo sanaa ambayo nyumba zetu zimeizoea.

14. Karatasi isafiri na sanamu

Weka daftari. Kila ngozi ipewe namba: mnyama gani, alichinjwa wapi, lini, kwa sababu gani, nani alikupa, risiti ipi, picha ya ngozi ikiwa bado na chumvi. Nakala ibandikwe chini ya sanamu. Mtalii atakayeinunua hapo ufuoni ataipitisha uwanja wa ndege wa Moi, na afisa akiona nywele na pembe hatajua kwamba ni za mbuzi wa Kisauni mpaka aonyeshwe. Mwambie mteja mapema kwamba ngozi ya mifugo nayo huhitaji cheti cha daktari wa mifugo kuvuka mipaka, na kwamba Marekani ina masharti makali juu ya manyoya ya ndege wa porini, hivyo yale ya kuku yaandikwe waziwazi kuwa ya kuku. Mwandikie pia namna ya kuitunza: isikae juani, isifutwe kwa kitambaa kibichi, na vidonge vya nafthalini vibadilishwe vikiisha. Namba yako ya simu iwe chini kabisa, maana masika ya kwanza yakiingia lazima atapiga.